Oktoba isiwapite dirishani

SWALI: Shikamoo dada. Tumehamia Rochester, Minnesota, mwezi wa tano tukitokea Tanga: mimi, mume wangu, watoto watatu (miaka 11, 8 na 4) na mama mkwe. Tumepanga nyumba ya mbao ya zamani, ya ghorofa. Septemba haijaisha na mama tayari anatetemeka. Asubuhi nikiamka namkuta amewasha oveni ya gesi, kaacha mlango wake wazi, kakaa mbele yake na kanga mbili mabegani. Mume wangu anaondoka jioni kwenda kazini na kurudi alfajiri. Watoto wakitoka shule wanajifungia ndani na simu. Majirani wameshapanga maboga mlangoni na wanatuambia haya ndiyo majira matamu kuliko yote ya mwaka, na wanangu wanataka na sisi tufanye kama wao. Dada, huo utamu uko wapi? Na nifanye nini hili jengo liwe nyumbani? (Mama Watatu, Rochester)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na oveni, maana hilo halisubiri.

Oveni ya gesi imetengenezwa kupikia, mlango ukiwa umefungwa. Ukiifanya hita inamwaga jikoni moshi usiouona, na ndani yake kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta hudhani ana mafua: kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, mwili umechoka. Homa hana, na akitoka nje anapata nafuu. Na juu ya hiyo gesi, una mtoto wa miaka minne anayekatiza mbele ya mlango wa chuma wenye moto. Kesho asubuhi oveni ibaki imezimwa. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo ndani ya futi 10, kama mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. Kitafute leo, bonyeza kitufe cha kukijaribu. Kisipolia badilisha betri; kisipokuwepo, mpigie mwenye nyumba kabla hujalala.

Jiko la mkaa ndiyo kabisa, lisiingie ndani hata dirisha likiwa wazi. Na kwa kuwa nawajua watu wa Tanga, najua chetezo kipo. Nyumba zetu kule zina madirisha ya nyavu na upepo wa bahari unapita. Za huku, zikishafungwa kwa baridi, hewa inazunguka humo humo. Nunueni kichomea udi cha umeme, kile kidogo cha kuchomeka ukutani. Harufu ni ile ile, makaa hakuna, na king'ora cha moshi hakitawafanya majirani watoke na nguo za kulalia.

Sasa baridi yenyewe. Mama mkwe wako hadeki. Kazi yangu ni kukagua nyumba za aina hiyo na kuziziba upepo kabla theluji haijaanguka, na nyumba za mbao za zamani zinavuja kila upande: kwenye fremu za madirisha, chini ya milango, hata kwenye soketi za kuta za nje. Hewa ya moto inapanda na kutorokea darini, na kila inayotoka juu, nyingine ya baridi inavutwa kuingia chini kujaza nafasi yake. Ngazi ya ghorofani ndiyo njia yake kuu. Halafu kuna jambo ninalolikuta karibu kila nyumba yenye mzee: kiti chake kimewekwa dirishani. Mwenyewe anapapenda, anaona wapita njia. Lakini mwili unatoa joto kuelekea kioo cha baridi hata kama hewa ya chumbani ni ya moto, na ndiyo maana mtu anaweza kutetemeka huku themostati inasoma nyuzi 72 za Farenhaiti, kama 22 za Selsiasi. Mnapandisha namba, bili inapanda nayo, na bibi bado anasikia baridi.

Hamisheni kiti chake kwenye ukuta wa ndani, mbali na mlango wa mbele, miguu ikae juu ya zulia. Soksi za sufu kabla ya blanketi. Nguo ya ndani inayobana mwili, mikono mirefu, kisha dera lake, kisha sweta. Kanga zake mbili zije juu ya hayo yote, si badala yake. Usiku, blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka litamfaa kuliko hita ya umeme: linakula kama wati 100, hita inakula 1,500. Kama ana kisukari na miguu yake imekufa ganzi, blanketi hilo liwashwe kitanda kipate joto, kisha lizimwe kabla hajapanda, maana hatahisi akiungua. Hita mkiinunua, ikae mita moja kutoka kwenye pazia na godoro, ichomekwe ukutani moja kwa moja, isipite kwenye waya wa kuongezea, na izimwe mnapolala. Na kabla Oktoba haijaisha apelekwe kuchanjwa chanjo ya homa ya mafua, na nyinyi pia.

Kutafuta matundu ni kazi ya watoto, na wataipenda. Ngojeni siku yenye upepo. Washa udi wa kijiti, umpe yule wa miaka 11, apite nao taratibu kando ya kila dirisha na kila mlango huku wewe ukimfuata. Moshi ukipanda wima, pazima. Ukilala au ukikimbilia ndani, wekeni alama kwa penseli. Madirisha yanayovuja zaidi yafunikeni kwa ile plastiki nyembamba inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na tepu yake ya kunata pande mbili. Futeni fremu kwanza kwa spiriti, ikauke, bandikeni tepu, tandazeni plastiki, kisha mpitishe draya ya nywele: inakaza mpaka makunyanzi yote yanaisha. Hii ifanywe sasa, siku zikiwa na jua. Tepu haishiki kwenye fremu yenye baridi kali, na hapo kila anayeahirisha mpaka Desemba ndipo anaponitafuta. Kila chumba cha kulala kibakizeni dirisha moja bila plastiki, la kutokea ikitokea moto.

Chini ya milango wekeni nyoka. Chukua kanga iliyochakaa, ikate kwa urefu, ishone kama mfuko mrefu mwembamba, jaza mchele au mchanga mkavu, funga ncha zote mbili. Wa miaka minne amchoree macho. Analala pale mlangoni mpaka Aprili.

Kuhusu mwenye nyumba: sheria ya jimbo inamtaka ahakikishe joto la nyumba linafika angalau nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Kama fanesi, ule mtambo wa kupasha joto nyumba nzima, haijawashwa tangu mlipohamia, mwombe aje aiwashe na kuikagua wiki hii, na abadilishe chujio la hewa mbele yenu mjue linavyotolewa, maana baadaye mtalibadilisha wenyewe kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Siku ya kwanza ya kuwaka itatoa harufu ya vumbi linaloungua. Hiyo ni kawaida, inaisha baada ya saa chache. Zungukeni nyumba nzima mtazame matundu ya chuma sakafuni ambako joto hutokea. Nyumba nyingi nakuta kochi limekaa juu ya tundu, linapata joto kochi.

Na bili. Jimbo lina mpango wa msaada wa nishati kwa familia za kipato cha chini, na wapangaji nao wanaruhusiwa kuomba. Mwaka wake unaanza Oktoba 1, na fedha hizo huweza kwisha, kwa hiyo ombeni mapema. Pigeni 211, namba ya kuelekezwa huduma, mwombe mkalimani wa Kiswahili, mtaelekezwa kwa ofisi inayohudumia wilaya yenu ya Olmsted. Kipindi hicho hicho cha Oktoba hadi Aprili kuna kanuni ya kuzuia kampuni kuwakatia joto, lakini haiji yenyewe: lazima mpige simu mkubaliane mpango wa kulipa kidogo kidogo, na kisha mlipe kama mlivyokubaliana. Anayenyamaza na bili mkononi haimsaidii.

Basi nyumba imezibwa. Uliniuliza utamu uko wapi, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu naona familia nyingi zetu zinaukosa kwa sababu moja. Tunajifungia mapema mno. Baridi ya kwanza ikigonga, mwezi wa tisa huu huu, tunafunga mlango na kusema baridi imeingia, tutaonana mwezi wa tano. Kumbe Oktoba ya Rochester, mchana, inazunguka nyuzi 15 za Selsiasi na jua limewaka. Mama mkwe kama amewahi kulala Lushoto mwezi wa saba anaijua hali hiyo. Pale hakujifungia, alivaa sweta akaenda sokoni. Baridi ya kukufungia ndani kweli kweli ipo, lakini ni ya Januari. Mkiitumia Oktoba kuiogopa Januari, mnapata miezi minane ya ndani badala ya minne au mitano. Na starehe ya ndani inahitaji nje. Chai ya tangawizi kwa mtu aliyeshinda kochini ni chai tu. Mpe aliyetoka kuokota majani masikio yamemganda uone anavyoshika kikombe.

Angalia ratiba yenu. Watoto wanarudi shule kama saa tisa na nusu, saa kumi alasiri. Mume wako, kama anarudi alfajiri, anaamka saa nane au tisa. Anaondoka jioni. Mna saa mbili ambazo familia nzima iko macho mahali pamoja, na katikati ya Oktoba jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, si mbali na Tanga. Saa hizo mbili zinakwenda wapi sasa hivi? Simu, usingizi wa kumalizia, wewe jikoni. Mimi ningegeuza mambo: chakula kikubwa cha siku kiwe saa kumi, wote mkiwa mezani, kisha mtoke nje kabla baba hajaenda kazini. Usiku watoto wanywe uji na mkate walale. Itakuwa ajabu wiki ya kwanza. Lakini mtu wa zamu ya usiku asipofanyiwa hivyo, majira yote yanapita akiyaona kupitia kioo cha gari, na watoto wanamjua baba kama mtu anayelala. Chumba chake mkiwekee pazia nene jeusi. Linamzuia jua la asubuhi na linazuia baridi ya dirisha kwa pamoja.

Nje mnatoka kufanya nini? Kwa kuanzia, hapo hapo uani. Kama mna mti, mna kazi: nunueni reki mbili, kubwa na ndogo, mkusanye majani mpaka kichuguu kifike kiunoni, watoto waruke ndani. Najua inaonekana upuuzi, kufagia kitu ili ukitawanye tena. Wenyeji wote wamelelewa hivyo na siwalaumu. Mwanao wa miaka 8 atauliza kwa nini majani yanageuka rangi, basi umwambie: siku zinapofupika mti unaacha kutengeneza ile kijani inayoshika mwanga wa jua, na ikififia, rangi ya manjano iliyokuwa imejificha chini yake tangu mwanzo inaonekana. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo inatengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na inakolea mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi bila kuganda. Ndiyo maana mwaka mmoja miti ya mepo (maple) inawaka na mwaka mwingine inafubaa. Mialoni inachelewa, inageuka kahawia, na mingine inang'ang'ania majani yake mpaka katikati ya baridi.

Rangi hizo hushuka kutoka kaskazini. Juu kule mpakani mwa Kanada zinafika kilele Septemba. Kwenu, kusini mashariki, ni mwanzoni hadi katikati ya Oktoba. Idara ya Maliasili ya jimbo ina ramani mtandaoni inayoonyesha zilipofika, na huwekwa upya kila wiki. Kilele hakikai. Usiku mmoja wa upepo na mvua unakimaliza, kwa hiyo mkiona yameiva, msiseme tutakwenda wiki ijayo.

Mahali pa kwanza: Quarry Hill, humo humo Rochester, hakuna kiingilio, kuna njia fupi bibi anaweza kuzitembea na jengo la kupumzikia. Pa pili: Silver Lake, kwa ajili ya bata bukini. Hawa wana historia yao. Wataalamu walishaamini kwamba aina kubwa kabisa ya bata bukini wa Kanada imetoweka duniani, mpaka mwaka 1962 mtafiti Harold Hanson alipowakuta hapo Rochester wakipitisha majira ya baridi kama kawaida. Maji ya ziwa hayakuganda kwa sababu ya kiwanda cha umeme kilichokuwa kando yake. Kiwanda kimeshafungwa, bata bado wanapita, na wana hasira. Wa miaka minne mshikeni mkono.

Pa tatu ni safari ya siku. Katika wiki ya tatu ya mwezi wa kumi shule za Minnesota zinafungwa Alhamisi na Ijumaa, walimu wanakuwa na mkutano wao. Watu wanaita wikendi ya MEA. Mwombe mume wako aombe usiku mmoja wa mapumziko wiki hiyo, aombe sasa. Nendeni mashariki hadi hifadhi ya Whitewater, kama dakika 40 kwa gari, mto umekata bonde kati ya miamba ya chokaa na pande zote mbili miti imewaka. Gari linalipa kiingilio cha siku. Mkiwa na nguvu endeleeni hadi La Crescent, kwenye kingo za mto Mississippi, mji wa mashamba ya matufaha. Wacheni watoto wachume wenyewe. Honeycrisp, lile linalopasuka mdomoni, ni mtoto wa Chuo Kikuu cha Minnesota, lilitolewa kwa wakulima mwaka 1991, na bei yake inajua hivyo. Mimi nawashauri mchukue kapu la Haralson: la mwaka 1922, kali kidogo, la bei nafuu, linakaa muda mrefu sehemu ya baridi na linafaa kupikwa. Likatekate, lichemshe na iliki, mdalasini na sukari kidogo, mle na chapati. Mama mkwe atalikubali hilo.

Mkirudi kutoka porini, wavueni watoto nguo na mwatazame nyuma ya magoti, kwapani na nywelini. Kupe wa kulungu wanatembea mpaka ardhi igande, na wanaeneza ugonjwa wa Lyme. Kuanzia mwanzoni mwa Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Mkienda msituni vaeni kitu cha rangi ya machungwa ya kung'aa, hata bibi.

Sasa maboga, ambayo watoto wanayalilia. Wanunulieni. Ila mjue maboga yale makubwa ya mlangoni yamezalishwa kwa sura: nyama yake ni ya majimaji na haina utamu, ukilipika na nazi utasema boga la Marekani halifai. Linafaa, umekosea boga. La kupika tafuteni kabocha, duara fupi lenye ganda la kijani kizito na nyama ya manjano kavu. Katika yote ninayoyajua huku, hilo ndilo linalokaribiana na boga letu. La pili ni lile refu lenye shingo, batanati (butternut), laini zaidi, zuri kwa supu na kwa mtoto. Kabocha lipasuliwe kwa kisu kizito, ganda lake linaiva na kulika, libandikwe na tui la kopo, iliki, chumvi chembe na sukari kwa kiasi chenu, mpaka mchuzi ukauke na kushikana. Siku hiyo nyumba itanukia kama jioni ya Ramadhani, na nina hakika bibi atasogea jikoni kwa hiari yake, bila oveni. Mpe kazi hiyo. Nasema kweli: mzee anayetetemeka peke yake sebuleni, ukimpa mwiko na watoto wa kuwaamrisha, nusu ya baridi inamtoka.

Mbegu za maboga yote, hata lile kubwa, zioshwe, zikauke usiku mmoja, zikaangwe na chumvi na pilipili kidogo. Boga la mlangoni msilitoboe mapema. Likiwa zima linakaa wiki nyingi. Likichongwa ni siku chache limeoza, na kindi wameshalitafuna macho. Lililochongwa na kukaa nje msilile.

Suala la Halloween, Oktoba 31, nalileta kwa sababu litakuja mlangoni kwenu mtake msitake: watoto wa jirani, vinyago, mifuko ya peremende. Kuna familia za Kiislamu na za Kikristo za kwetu hazishiriki kabisa, nyingine huweka bakuli la peremende mlangoni kwa ujirani tu, nyingine watoto wanavaa na kuzunguka. Hilo amueni na baba yao kabla ya siku yenyewe, msije mkaamulia mlangoni. Zima taa ya kibaraza kama hamshiriki; huku kila mtu anaelewa ishara hiyo na hawatagonga. Boga bila uso, lenye kuwekwa ngazini pamoja na mashada ya mahindi, ni pambo la mavuno na halina uhusiano na jambo hilo. Mkiruhusu, nguo ya kujigeuza iwe kubwa ya kuvaliwa juu ya koti. Mwaka 1991 siku hiyo hiyo ilianza kuanguka theluji, na ilipokoma siku chache baadaye Minneapolis ilikuwa imepata zaidi ya sentimita 70. Watu wazima wa jimbo hili bado wanaizungumza.

Halafu jueni siku ambayo kila kitu kinageuka. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma: saa nane usiku inakuwa saa saba. Jana yake jua lilizama karibu saa kumi na mbili jioni, leo linazama karibu saa kumi na moja, na Desemba litafika saa kumi na nusu. Sehemu kubwa ya zile saa mbili zenu za alasiri itakuwa giza. Hapo ndipo sebule inapokuwa na kazi, na ndiyo maana nataka muiandae sasa.

Chagueni chumba kimoja, msihangaike kupamba sita. Kiwe kile chenye madirisha machache. Mkeka wa kutoka nyumbani utandikwe juu ya zulia, mito ukutani. Ile taa nyeupe ya dari, tunayoipenda sana sisi, izimwe jioni. Nunueni taa mbili za kusimama zenye balbu ya manjano, kwenye boksi imeandikwa kelvini 2,700. Chumba kile kile kinaonekana kina joto zaidi na senti haijaongezeka kwenye bili ya gesi. Simu zote zikae kwenye kapu mlangoni kwa saa moja, za wakubwa zikitangulia. Bao, karata, keram kama mtapata ubao wake. Bibi asimulie, na kama kijukuu kinajibu kwa Kiingereza, aendelee kwa Kiswahili bila kukasirika. Hewa itakuwa kavu kwa sababu ya fanesi, midomo itapasuka, umeme utawarusha mkigusana: pakeni mafuta ya nazi mkitoka kuoga, na kipimo kidogo cha unyevu mkikiweka ukutani kisome kati ya asilimia 30 na 40. Madirisha yakianza kutiririka maji kwa ndani, unyevu umezidi, fungueni feni ya jikoni mnapopika.

Mwangalie mume wako kuanzia Novemba, na ujiangalie mwenyewe. Anayefanya kazi usiku na kuamka alasiri anaweza kupita wiki nzima bila jua. Akianza kulala kupita kawaida, kula ovyo, kukosa hamu ya watu, msiite uvivu wala husda za watu. Kuna huzuni inayoletwa na upungufu wa mwanga, inatibika. Madaktari hutumia taa maalumu yenye nguvu ya laksi 10,000, mtu anakaa mbele yake kama nusu saa baada ya kuamka. Kwa zamu kama yake, muda wa kuitumia apangiwe na daktari. Na mkienda, muulizieni vitamini D kwa familia nzima, kwa sababu ngozi nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kuitengeneza na jua la baridi la huku ni dogo mno kwa kazi hiyo.

Alhamisi ya nne ya Novemba ni Thanksgiving, sikukuu yao ya kutoa shukrani. Kazi nyingi zinafungwa, huenda hata mume wako atapumzika. Bata mzinga si lazima; pilau na kuku wawili wa kuoka wanatosha, na hiyo ndiyo siku oveni inaruhusiwa kuwaka kutwa, mlango ukiwa umefungwa. Mkimtaka bata mzinga, mtoeni kwenye friza mapema: ndani ya friji anahitaji siku nzima kwa kila kilo mbili, kwa hiyo wa kilo nane atolewe Jumapili. Mkaribisheni jirani yule aliyewaambia habari za utamu wa majira. Ijumaa inayofuata hifadhi zote za jimbo hazitozi magari kiingilio. Whitewater itakuwa kijivu, majani yako chini, na njia ni za kwenu peke yenu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wiki hii: king'ora, kiti cha bibi, simu kwa mwenye nyumba, plastiki ya madirisha. Mpe mama mkwe shikamoo yangu, na umuulize kama anaweka iliki nzima au ya kusaga kwenye boga.